Kufa na kuzikana New York: maswali kuhusu vyama vya Waayalandi

Mimi ni mweka hazina wa chama cha kuzikana cha watu wa nyumbani hapa New York, na nina ugonjwa mmoja: kila mkutano mkuu lazima niwatolee wenzangu mfano wa Waayalandi. Wakongwe wamenizoea, wageni bado wanauliza. Haya ndiyo wanayouliza, na majibu ambayo nimechoka kuyarudia kwenye simu. Ukikuta jibu linakupeleka kwenye swali jingine, nenda. Nimegoma kuandika jambo moja mara mbili.

## Mwanzo

1. Hivi vyama vilikuwa nini hasa?

Watu waliotoka Ayalandi walichangiana. Kila mmoja alitoa ada kidogo. Akiugua, mfuko unamshika mkono, akifa, unamzika. Juu ya hapo ziliongezeka dansi, gwaride, michezo na siasa, na ndiyo mambo yaliyobaki kwenye picha. Msingi ulikuwa kitanda cha mgonjwa na kaburi.

Usivichanganye vyote kapu moja, lakini. Vilikuwepo vya wenye nacho, kama Friendly Sons of St. Patrick cha mwaka 1784: wafanyabiashara waliokula pamoja kila tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na kumtupia jicho mwenzao aliyekwama. Vilikuwepo vya kuwapokea wageni, kama Irish Emigrant Society cha 1841. Na vilikuwepo vya vibarua wenyewe, ambapo anayetoa ndiye anayepokea. Mkubwa kati ya hivyo ni Ancient Order of Hibernians, ulioanzishwa mwaka 1836 katika parokia ya St. James, kusini mwa Manhattan, na wakati huohuo kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Pennsylvania.

2. Kwa nini Waayalandi, na kwa nini New York?

Viazi vilioza. Kuanzia 1845 hadi karibu 1852 ugonjwa wa mimea uliteketeza zao walilotegemea maskini wa Ayalandi, huku nchi ikitawaliwa kutoka London na nafaka ikiendelea kusafirishwa nje. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakaondoka. New York ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya kushukia. Kufikia 1860, karibu robo ya wakazi wa mji huo walikuwa wamezaliwa Ayalandi.

Ila vyama havikuzaliwa na njaa. Angalia miaka niliyotaja juu: vingine vilitangulia. Njaa ilivijaza watu.

3. Kwani mgeni akishuka melini alikuwa anakutana na nini?

Wapiga debe. Anayeijua stendi yoyote ya mabasi kwetu hahitaji maelezo zaidi. Walipanda hata kabla meli haijatulia, wakanyakua mizigo, wakampeleka mtu nyumba ya kulala wageni yenye bei moja mlangoni na nyingine siku ya kuondoka, na mizigo ikashikwa rehani. Wakauza tiketi za treni zisizofika popote. Wabaya kuliko wote walikuwa wale waliomsalimia mgeni kwa Kiayalandi, lugha ya mama yake, maana hapo ndipo alipolegea.

Irish Emigrant Society kilipambana na hao. Jimbo lilipounda Tume ya Uhamiaji mwaka 1847, rais wa chama hicho na rais wa chama cha Wajerumani walipewa viti kwa nyadhifa zao. Mwaka 1855 tume ikafungua kituo cha Castle Garden, wageni wakapokelewa ndani ya kuta na wapiga debe wakabaki nje ya geti. Kituo hicho kilihudumu hadi 1890. Ellis Island, ambayo kila mtu anaijua, ilifunguliwa 1892, na wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana wa Kiayalandi kutoka Cork, Annie Moore.

## Msiba

4. Mbona unasisitiza mazishi sana? Si kulikuwa na shida kubwa zaidi, kama kazi na njaa?

Mwaka 1854 bunge la jimbo la New York lilipitisha sheria iliyoruhusu maiti za maskini zisizodaiwa na mtu zipelekwe vyuo vya udaktari, zikapasuliwe na wanafunzi. Soma tena neno hilo: zisizodaiwa. Sasa mfikirie kijana wa miaka 22, kibarua, hana ndugu upande huu wa bahari, anayekufa hospitali ya mji siku ya Jumanne. Nani atakuja kumdai?

Chama ndicho kilichomdai. Kadi yako ya uanachama ilikuwa na maana kwamba yupo mtu atakayekuja mlangoni akaseme, huyu ni wetu.

Na ambaye hakudaiwa wala hakupelekwa chuoni alitupwa makaburi ya maskini. Tangu 1869 hayo yako Hart Island, kisiwani, ambako majeneza yalipangwa kwenye mitaro. Kwa Mkatoliki aliyekulia kijijini ambako babu yake na baba wa babu yake wamelala uwanja mmoja wa kanisa, ardhi iliyobarikiwa, hilo lilikuwa pigo kuliko kufa kwenyewe.

5. Mazishi yenyewe yaliendaje?

Kwanza mkesha. Maiti ililazwa nyumbani, mara nyingi kwenye chumba kilekile ambacho familia ililala na kupika, majirani wakajaa, tumbaku na viko vya udongo vikazungushwa, pombe ikanywewa, wazee wakasimulia habari za marehemu mpaka watu wakacheka. Mapadri walilalamikia pombe hiyo miaka nenda miaka rudi, bila mafanikio makubwa.

Kisha msafara. Wengi walizikwa Calvary, makaburi ya Kikatoliki huko Queens yaliyofunguliwa 1848, baada ya yale ya Manhattan kujaa. Ilibidi kuvuka East River kwa kivuko. Leo Calvary ina zaidi ya watu milioni tatu, na ukipita barabara kuu ya juu kuelekea Manhattan unaona mawe ya makaburi yakishindana na maghorofa.

Wanachama walitakiwa kuhudhuria, na hapa kuna kitu kimoja ninachokipenda. Matawi mengi yalikuwa na beji ya utepe yenye pande mbili. Upande mmoja una rangi, kijani na dhahabu, jina la tawi na kinubi, kwa ajili ya gwaride. Ukiigeuza, ni nyeusi, maandishi ya rangi ya fedha: In Memoriam. Beji moja, pini moja. Mtu aliitoa sandukuni na kuchagua upande kulingana na siku.

6. Je, walirudisha maiti nyumbani kama tunavyofanya sisi?

Kwa kawaida, hapana. Hapa ndipo mfano wangu unapoachana na chama chetu. Sisi karibu hela yote ya mfuko inaishia kwenye ndege ya mizigo. Wao hawakuwa na ndege, na wengi wao hawakuwa na mtu wa kuipokea maiti. Waliamua kuzikana hapahapa. Mwenzetu mmoja aliniambia kwamba huko ndiko kuhama kwa kweli, na sijapata jibu la kumpa.

## Pesa

7. Mwanachama alilipa nini, akapata nini?

Kiingilio, halafu ada ya kila mwezi. Akiugua asiweze kufanya kazi, alipata posho ya kila wiki kwa muda maalumu. Akifa, mfuko ulilipa mazishi na mara nyingi kumwachia mjane kitu. Katika vyama vingine akifa mke wa mwanachama pia kulikuwa na fungu, dogo kidogo. Mambo haya yalitofautiana tawi hadi tawi, hivyo usikubali mtu akupe kiwango kimoja na kusema ndicho kilichokuwa cha wote.

8. Aliyechelewesha ada je?

Aliwekwa kando mpaka alipe, na akifa katika hali hiyo, familia haikuwa na haki ya madai. Ukali huo unaudhi, najua. Lakini fikiria unasimamia mfuko wa makuli ambao kazi yao ni ya msimu, bandari ikiganda wote wanakosa ada kwa pamoja. Ukilegeza kwa mmoja, umelegeza kwa wote.

Kwa vitendo, kilichofuata mara nyingi ni kofia kuzungushwa. Katiba imesema hapana, wanachama wanachanga mifukoni mwao. Chama chetu nacho kiko hivyohivyo; mwaka juzi tulimkatalia familia moja kwenye kikao saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni nilikuwa na mchango mkubwa kuliko fungu tulilomkatalia.

9. Walijuaje kwamba mgonjwa ni mgonjwa kweli?

Walimtembelea. Kulikuwa na kamati ya wagonjwa, na wajumbe walipita nyumbani, rasmi kumpa pole, kiuhalisia kumpa pole na kumkagua. Vilevile ugonjwa uliotokana na ulevi au ugomvi kwa kawaida haukulipwa. Vyama vingine vilikuwa na daktari wake.

Waombaji wapya walichujwa: umri, afya, tabia, mtu wa kukudhamini, kisha kura. Baada ya kukubaliwa unasubiri miezi kadhaa ndipo haki zako zianze, ili mtu asijiunge akiwa tayari anakohoa damu.

10. Kuna benki inatajwa kila mara. Inahusianaje na vyama?

Emigrant Industrial Savings Bank. Ilianzishwa 1850 na watu wa Irish Emigrant Society wakiungwa mkono na Askofu John Hughes, ofisi yake ikiwa 51 Chambers Street. Chama kilikuwa tayari kinawasaidia watu kutuma pesa nyumbani kwa hundi zinazolipika Ayalandi, na kulipia nauli ya ndugu aliyebaki. Benki ikaongeza mahali salama pa kuweka akiba, kwa watu ambao benki nyingine ziliwaangalia kuanzia viatu.

Vitabu vya benki hiyo vimeishangaza sana taaluma ya historia. Mwaka 1851 mwenye ardhi mmoja huko Kerry, Ayalandi, Lord Lansdowne, aliona ni nafuu kuwalipia nauli wapangaji wake fukara kuliko kuwalisha, akawapakia melini. Waliangukia Five Points, mtaa uliosemwa kuwa mbaya kuliko yote Marekani. Kila aliyeandika habari zao aliwahesabu kuwa wamekwisha. Wengi wao walikuwa wakiweka akiba, tena si ya kubabaisha.

Kuhusu maswali ambayo benki iliwauliza wateja, nenda swali la 19.

## Nani ndani, nani nje

11. Kwa nini kila kaunti iwe na chama chake? Si wote Waayalandi?

Muulize Mchaga na Mhaya wakae chama kimoja, kisha uje unijibu. Ayalandi ina kaunti 32, na mtu alijitambua kwa Cork, Sligo au Kerry kabla ya taifa. Ndani ya Five Points penyewe watu wa kaunti moja walijazana kwenye nyumba zilezile. Chama cha kaunti kilijua baba yako ni nani, kwa hiyo udhamini wa swali la 9 ulikuwa rahisi.

Mwaka 1904 vyama hivyo viliunda mwavuli, United Irish Counties Association. Havikuvunjwa, kila kimoja kilibaki na bendera yake.

12. Wanawake walikuwa wapi?

Jikoni kwa matajiri. Ayalandi ilipeleka Marekani wasichana wengi waliosafiri peke yao, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wahamiaji wa Ulaya, na wengi wakawa watumishi wa ndani. Walilala na kula kwa mwajiri, hivyo mshahara mdogo ulibaki karibu wote. Sehemu kubwa ya nauli na kodi za shamba zilizolipwa Ayalandi zilitoka mifukoni mwao.

Uanachama wenye ada ulikuwa wa wanaume kwa muda mrefu. Tawi la wanawake la Hibernians liliundwa 1894. Msaada kwa wasichana ulipitia zaidi kanisani. Mwaka 1883, baada ya mwandishi wa Kiayalandi Charlotte Grace O'Brien kupiga kelele kuhusu hali ya wasichana melini na bandarini, padri John Riordan alianza kazi ya kuwapokea pale Castle Garden, na baadaye wakapata nyumba, 7 State Street. Msichana alilala bure mpaka ndugu amfuate au apate kazi. Nyumba hiyo bado imesimama, nguzo zake zikitazama bahari.

Na dansi za vyama zilipangwa kwa hesabu zao. Mtumishi wa ndani alipumzika Alhamisi jioni na baadhi ya Jumapili, kwa hiyo ukiona dansi imewekwa Alhamisi, ujue waandaaji wanajua nani ana pesa.

13. Mwayalandi Mprotestanti aliruhusiwa?

Inategemea chama na zama. Friendly Sons walikuwa mchanganyiko tangu mwanzo; rais wao wa kwanza alikuwa Mpresbiteri. Hibernians waliwataka Wakatoliki tu, na walikuwa na sababu: mwaka 1844, wakati makanisa ya Kikatoliki yalipochomwa Philadelphia, wanaume wenye silaha waliizunguka kathedro ya kale ya St. Patrick, Mott Street, ili uchomaji huo usifike New York.

Waprotestanti waliounga mkono utawala wa Uingereza walikuwa na vyama vyao, vya Orange, na gwaride lao la tarehe 12 Julai. Gwaride la 1871 liliishia kwa wanajeshi kufyatua risasi, na zaidi ya watu 60 wakafa.

14. Na watu weusi wa New York?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na halistahili hivyo. Kwanza, weusi walitangulia. New York African Society for Mutual Relief kiliundwa 1808, kikiwa na ada, posho ya mgonjwa na fungu la mjane, miaka 28 kabla ya Hibernians. Nyumba yake ilikuwa Orange Street, sasa Baxter Street, ndani ya Five Points hiyohiyo. Anayesema Waayalandi ndio waliobuni kusaidiana mjini hapa, mwelekeze huko.

Pili, Julai 1863, sheria ya kuandikisha watu vitani ilipoanza kutekelezwa, makundi ambayo wengi wao walikuwa Waayalandi yaliwinda weusi mitaani na kuchoma kituo cha watoto yatima weusi. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika siku nne. Kuwa na moyo wa kumzika mwenzako hakukumfanya mtu awe na moyo kwa jirani. Polisi waliopigana na makundi hayo nao walikuwa na Waayalandi wengi.

## Siasa na siri

15. Nimesikia Hibernians walikuwa kundi la wauaji.

Hilo linatoka Pennsylvania, miaka ya 1870. Wachimba makaa walituhumiwa kuwa Molly Maguires, kundi la siri la mauaji, na mwendesha mashtaka akadai Hibernians ndiyo koti lao. Watu 20 walinyongwa, 10 kati yao siku moja, 21 Juni 1877. Mpelelezi aliajiriwa na kampuni binafsi, na mwendesha mashtaka mwenyewe alikuwa mkuu wa kampuni ya reli na makaa. Hukumu yako juu ya kesi kama hiyo nakuachia.

Siri zilikuwepo kweli: maneno ya kupita, ishara za mikono. Maaskofu kadhaa hawakuzipenda. Chama cha kisiasa cha siri hasa kilikuwa Clan na Gael, cha 1867, kilichochangia mapinduzi Ayalandi. Mtu mmoja angeweza kuwa kote kuwili.

16. Gwaride la St. Patrick ni la vyama hivi?

Gwaride ni la kale kuliko vyama vyenyewe, tangu 1762. Hibernians walilishika katikati ya karne ya 19. Beji ni ileile ya swali la 5, upande wa kijani.

17. Vilisaidiaje mtu kupata kazi?

Kwa mdomo. Msimamizi wa gati ni mtu wa kwenu, kikao ni Jumapili, Jumatatu unasimama mstari wa mbele. Ndivyo ilivyokuwa kwa makuli, polisi, baadaye treni za chini ya ardhi. Kampuni moja ya treni hizo, IRT (Interborough Rapid Transit), ilitaniwa kuwa herufi zake ni za "Irish Rapid Transit". Mike Quill wa Kerry na wenzake walipounda chama cha wafanyakazi wa usafiri mwaka 1934, mitandao ya Clan na Gael ndiyo iliyowakutanisha wengi wao.

Kuhusu yale matangazo ya kazi yaliyosema Waayalandi wasiombe: yalikuwepo. Profesa mmoja aliandika mwaka 2002 kwamba karibu yote ni hadithi tu. Mwaka 2015 mwanafunzi wa darasa la nane alifungua magazeti ya kale yaliyowekwa mtandaoni akayapata kwa makumi.

## Baadaye

18. Vilikufa? Kwa nini?

Vile vya posho vilififia. Sababu kubwa ni wakala wa bima. Prudential kuanzia 1875 na Metropolitan Life kuanzia 1879 walituma watu mlango kwa mlango kukusanya senti kila wiki, na bima haikuuliza ulikuwa umelewa kwenye dansi. Pia wanachama walizeeka pamoja: ada ileile, wagonjwa wengi zaidi, vijana wachache. Hesabu hiyo inaua chama chochote, na kila nikitazama orodha yetu naiona inakuja. Kisha serikali ikaleta hifadhi ya jamii mwaka 1935.

Vilivyobaki ni vya kukutana na michezo. Gaelic Park huko Bronx bado ina mechi za hurling, mchezo wa Kiayalandi wa fimbo na mpira. Wimbi jipya la miaka ya 1980, watu wasio na karatasi, lilizaa vyama vipya, kama Emerald Isle Immigration Center cha Queens, mwaka 1988. Sheria ya 1990 ikawapa Waayalandi green card 48,000, na wakili wa karatasi akachukua kiti cha kamati ya wagonjwa.

19. Nina mke mwenye asili ya Kiayalandi. Tunaweza kumpata babu yake?

Anzeni na vitabu vya benki ya swali la 10, vilivyoko New York Public Library. Hati za vyama vyenyewe ni chache. Daftari lilikaa chini ya kitanda cha katibu, na katibu alipokufa lilitupwa.

Benki ilikuwa na shida ya vitendo. Wateja wengi hawakujua kusoma, majina yalijirudia, wakina Mary na Patrick kwa mamia, na mtu angeweza kuiba kitabu cha akiba akaja nacho dirishani. Kwa hiyo karani alimhoji kila mteja mpya na kuandika: umezaliwa kijiji gani, parokia gani, ulikuja na meli ipi mwaka gani, baba na mama ni nani na wako hai au wamekufa, ndugu wangapi na kila mmoja yuko wapi. Aliyekuja kutoa pesa aliulizwa tena. Asiyeweza kuandika jina lake aliweka alama ya X, kisha akataja jina la mama yake la kabla ya kuolewa, na karani akapeleka kidole kwenye mstari kuona kama linalingana.